Vumbi Halina Mpaka: Makaa, Kokoto na Haki ya Kuvuta Hewa Safi

Ifuatayo ni mada iliyowasilishwa na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri katika kikao cha pamoja cha kamati za mazingira za vijiji na watendaji wa kata. Tunaichapisha kwa ukamilifu kutokana na maombi ya wajumbe waliohudhuria.



Tumekutana hapa ili tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa la kawaida mno, hata tukaona halihitaji kikao. Jambo hilo ni vumbi.

Mada niliyopewa inahusu vumbi la makaa ya mawe na namna jamii inavyoweza kujilinda dhidi yake. Nilipokuwa nikiiandaa, mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza: "Sisi wa ziwani na makaa ya mawe wapi na wapi?" Swali lake ni la haki. Mkoa wetu wa Mwanza hauna mgodi wa makaa ya mawe. Makaa ya nchi hii yamelala kusini na nyanda za juu: Ngaka katika Wilaya ya Mbinga, Mchuchuma kule Ludewa, na Kiwira upande wa Songwe na Mbeya. Hata hivyo, naomba mniruhusu kueleza kwa nini jambo hilo linatuhusu.

Sababu ya kwanza ni kwamba makaa husafiri. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la nishati duniani, makaa ya Ruvuma yalisafirishwa kwa wingi kwa malori mpaka Bandari ya Mtwara, na kutoka hapo yakapakiwa melini kwenda ng'ambo. Biashara ilikua na ajira zikapatikana. Lakini makaa yakipakiwa na kupakuliwa hutoa vumbi jeusi, na bandari iliyozoea korosho ikajikuta inahudumia shehena ya namna nyingine kabisa. Serikali ikaweka mpango wa kujenga bandari ya pekee katika eneo la Kisiwa Mgao, mahsusi kwa shehena chafu kama makaa ya mawe na saruji. Funzo lake ni jepesi: vumbi si kudra. Ni jambo linaloweza kupangiwa mahali, saa na utaratibu.

Sababu ya pili ni kwamba makaa ya mawe yameanza kuingia jikoni. Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, hutengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe, ili kuokoa misitu yetu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi zimekwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Mabadiliko haya ni mema. Lakini kila bidhaa inayohifadhiwa ghalani huhitaji kufunikwa, na kila jiko la mkaa, uwe wa miti au wa mawe, huhitaji dirisha lililo wazi, kwa sababu moto wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Pafu la mwanadamu haliulizi vumbi limetoka wapi. Vumbi jeusi la makaa, vumbi la gunia la mkaa wa miti na vumbi jeupe la kokoto huingia kwa mlango mmoja. Na sisi tunaoishi katika nchi ya mawe, ambayo jiji lake kuu limeitwa Jiji la Miamba, tuna vumbi letu wenyewe.

Vumbi linavyofanya kazi yake

Naomba tuelewane kwanza kuhusu adui tunayemzungumzia. Vumbi linaloonekana likicheza kwenye mwali wa jua, au lile tunalolifuta mezani, si lenye hatari kubwa kuliko yote. Hilo pua hulizuia, koo hulitema. Lenye hatari ni lile lisiloonekana. Wataalamu hupima chembechembe zenye upana wa mikromita 2.5 au pungufu, na unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo karibu mara 30. Chembe kama hiyo hupita puani, hupita kooni, hufika mwisho wa pafu, na nyingine huvuka na kuingia katika damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahusisha hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, na vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka, na vingi kati ya hivyo hutokana na moyo na kiharusi, magonjwa ambayo hatuna mazoea ya kuyahusisha na vumbi.

Mwamba wetu wa Usukuma kwa sehemu kubwa ni matale, na ndani ya matale kuna madini ya silika. Jiwe likipondwa, silika hiyo huwa unga laini. Unga huo ukivutwa kwa miaka mingi huacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuyaondoa makovu hayo. Tena pafu lenye silika huwa shamba lililolimwa tayari kwa vimelea vya kifua kikuu. Wachimbaji wa makaa ya mawe nao wana ugonjwa wao wa mapafu meusi, unaofanana na huo kwa sura na kwa mwenendo. Haba na haba hujaza kibaba: kwa vumbi, kibaba hicho ni pafu.

Hata ziwa letu halikusalimika. Watafiti wa Ziwa Viktoria wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya virutubisho vinavyolisha mwani na magugu maji haiji kwa mito peke yake. Huanguka kutoka angani pamoja na mvua, moshi na vumbi. Mvuvi anayedhani vumbi ni shida ya watu wa barabarani afikirie tena.

Kokoto zilizonisomesha

Ndugu wajumbe, sina haki ya kuzungumza habari hizi kama mgeni. Mimi ni mtoto wa kokoto. Mama yangu aliketi chini ya turubai kwa miaka mingi, nyundo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kipande cha tairi kilichozungushwa kushika jiwe lisiruke. Mwamba mkubwa ulipogoma, vijana waliuchoma kwa magogo, na magogo yalipokosekana walichoma matairi chakavu, ili upasuke. Moshi ule mweusi ulikaa shingoni mwa mlima siku nzima. Sisi watoto tuliporudi shuleni tulichekecha, tukajaza ndoo, tukasubiri lori. Ada ya shule yangu, na baadaye ada ya stashahada yangu ya mawasiliano ya umma, ilitoka ndani ya ndoo hizo.

Mama alikohoa. Kikohozi kilikuja kila kiangazi na kupungua kila masika, nasi tukakipa jina, tukakiita kikohozi cha kiangazi, kana kwamba kukipa jina ni kukitibu. Alipopelekwa kupimwa makohozi alikuwa amechelewa sana. Alikutwa na kifua kikuu, akatibiwa akapona, lakini mapafu hayakurudi yalivyokuwa. Leo yu hai, namshukuru Mungu, ila hawezi kupanda kilima alichokibomoa kwa mkono wake.

Nayasema haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwaomba: mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asikipe jina, aende kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya Serikali ni bure. Ya pili ni kuweka wazi tangu mapema kwamba mapambano haya si ya kuwafukuza kina mama wa kokoto wala vijana wa mkaa. Nyumba mnazolala, madarasa wanamosoma watoto wetu, barabara na madaraja tunayojivunia, vyote vina kokoto ndani yake. Anayevuta vumbi jingi kuliko sote ni yule anayelitoa. Atakayepigana na vumbi kwa kumpiga vita mama yangu atakuwa amekosea adui.

Walioamka kabla yetu

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo mbele ya mradi, kiwanda au mamlaka. Historia ya nchi yetu inasema vingine.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia dampo la jiji lililokuwa katikati ya makazi yao. Taka zilichomwa, moshi na harufu vikajaa majumbani, watoto wakaugua. Aliyeshtakiwa hakuwa mwekezaji kutoka nje. Ilikuwa Halmashauri ya Jiji yenyewe. Mahakama iliwapa haki wananchi. Ilisimama juu ya Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi, na ikaona kwamba kumvutisha mtu hewa inayohatarisha uhai wake ni kuigusa haki hiyo. Kumbukeni kwamba wakati huo hatukuwa bado na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tuliyo nayo leo.

Kisa hicho kina sehemu ya pili ambayo husimuliwa mara chache. Dampo lilipoondolewa Tabata, taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani, nako kulikuwa na watu. Mkazi mmoja na wenzake 794 wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Mimi kama mtumishi wa halmashauri nayasoma mambo haya kwa unyenyekevu. Yananifundisha kwamba mamlaka nayo huweza kuwa chanzo cha uchafuzi, na kwamba kuhamisha moshi kutoka kwa mtaa wenye sauti kwenda kwa mtaa usio na sauti si utatuzi.

Majirani zetu wa Lamu, nchini Kenya, wana kisa kinachogusa makaa ya mawe moja kwa moja. Ilipangwa kujengwa mtambo wa umeme wa megawati 1,050 huko Kwasasi, utakaochoma makaa, si mbali na Mji Mkongwe wa Lamu ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Mradi ulipata leseni ya mazingira mwaka 2016. Wavuvi, wazee, akina mama na vijana wa Lamu waliungana, wakausoma mradi, wakauliza maswali: majivu yatakwenda wapi, maji ya moto yatamwagwa wapi, samaki watakuwaje? Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Mazingira la Kenya lilifuta leseni ile. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Angalieni jambo hilo kwa makini: uzito mkubwa wa kesi haukuwa katika kupiga kelele, ulikuwa katika kuonyesha ni kikao gani kilifanyika, lini, nani aliitwa na aliambiwa nini. Watu wa Lamu walikuwa na kumbukumbu.

Kumbukumbu ndiyo kiini cha mada yangu. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliganda juu ya jiji la London kwa siku 5. Watu walizoea ukungu, wakaona ni ukungu mwingine tu. Ukubwa wa msiba ulionekana baadaye, hesabu za vifo zilipojumlishwa na kukutwa maelfu wamekufa. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga Sheria ya Hewa Safi. Moshi ulikuwapo siku zote. Kilichobadilisha mambo ni hesabu.

Barua niliyoijibu vibaya

Sasa niseme jambo ambalo si rahisi kwangu. Katika kituo changu cha kwanza cha kazi, ambacho sitakitaja, ililetwa mezani kwangu barua ya wananchi waliokaa jirani na mashine ya kusaga mawe. Barua ilikuwa na mistari sita. Ilisema vumbi limezidi, watoto wanaugua, tunaomba Serikali itusaidie. Nikaandaa jibu kwa lugha nzuri niliyofundishwa chuoni: malalamiko yenu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Hayakuwa yanafanyiwa kazi. Barua haikusema mashine husaga saa ngapi, upepo huelekea wapi, ni kaya ngapi zinaguswa, ni siku zipi. Kila ofisa aliyeipokea aliipitisha kwa mwenzake. Nami sikupanda hata pikipiki kwenda kuona.

Baada ya mwaka mmoja hivi ilikuja nyingine, na safari hii aliileta mama mmoja mwenyewe, akiwa na daftari la shule la kurasa 48. Kila siku, asubuhi, mchana na jioni, alikuwa ameandika: tarehe, saa mashine ilipowashwa na kuzimwa, upepo umetoka ziwani au nchi kavu, maji yamemwagwa au hayakumwagwa, mtoto yupi kakosa shule kwa kikohozi. Majirani zake wanne walikuwa na madaftari yao, na yote yalikubaliana. Daftari lile halikuweza kupitishwa meza kwa meza. Lilitudai jibu. Afisa mazingira na afisa afya walikwenda, mwenye mashine akaitwa, kikao kikafanyika chini ya mwembe wa shule. Walikubaliana mawe yalowanishwe kabla ya kusagwa, barabara imwagiwe maji mara mbili kwa siku, malori yafunikwe turubai, na mashine isiwashwe saa za masomo pale upepo unapoelekea shuleni. Mwenye mashine hakufilisika. Je, mapatano yalitimizwa siku zote? Hapana. Yalipolegea, daftari lilifunguliwa tena.

Nimelibeba deni la barua ile ya kwanza mpaka leo, na kusimama kwangu hapa ni sehemu ya kulilipa. Lawama ninazigawa: barua ilikosa maelezo, nami nilikosa ujasiri wa kwenda kuyatafuta. Malalamiko yasiyoandikwa vema hupeperuka kama vumbi lenyewe.

Tufanye nini tukitoka hapa

Napendekeza mambo matano, nayo yote yamo ndani ya uwezo wa kamati zilizoketi hapa.

La kwanza, kila kijiji chenye machimbo ya mawe, ghala la mkaa au barabara ya malori kianzishe daftari la vumbi. Waandike watu watatu au zaidi, kila mmoja kwa mkono wake. Waandike tarehe, saa, upepo, chanzo na madhara. Wakumbuke tabia ya upepo wetu: mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, usiku hugeuka. Mashine iliyoko ufukweni huwapelekea vumbi watu wa juu mchana, si usiku. Mwenye simu ya kamera apige picha mahali palepale kila siku. Sahani nyeupe ikiwekwa dirishani usiku kucha itaonyesha kinachotua. Haitapima zile chembe ndogo tulizozitaja, lakini itafungua mazungumzo.

La pili, tuanze na jirani. Kabla ya barua kwenda popote, wajumbe wawili wamtembelee mwenye chanzo cha vumbi na daftari mkononi. Mengi huisha hapo. Kulowanisha jiwe kabla ya kulipiga hakuhitaji mwekezaji. Kunahitaji ndoo ya maji. Kukaa upande upepo unakotoka, kuwaweka watoto mbali na nyundo, kuacha kabisa kuchoma matairi, kufunika magunia ya mkaa na kutolikung'utia gunia mlangoni kwa mtu, yote hayo ni ya gharama ndogo. Kitambaa cha kufunga usoni huzuia vumbi kubwa, lakini msidanganyike, hakizuii lile laini. Maji hufanya kazi kuliko kitambaa.

La tatu, jambo likishindikana, liingie kwenye muhtasari. Lipelekwe kwa serikali ya kijiji na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, kisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hakikisheni limeandikwa kwenye muhtasari, na mwombe nakala. Kijiji kina uwezo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kutunga sheria ndogo na kuzileta halmashauri ziidhinishwe. Kijiji kinachotaka malori yafunikwe turubai, au machimbo yawe mbali na zahanati, kinaweza kulifanya hilo kuwa sheria badala ya ombi.

La nne, tuijue Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoziunda kamati zenu, inaitaka halmashauri iwe na afisa mazingira, na inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma. Kuna pia kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Mradi mkubwa ukiletwa kijijini, ulizeni tathmini ya athari kwa mazingira iko wapi na kikao cha kuwashirikisha ninyi kitafanyika lini. Halmashauri ikilemewa, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Mahakama ni mlango wa mwisho, nao uko wazi, kama walivyotuonyesha watu wa Tabata.

La tano linatuhusu sisi watumishi. Halmashauri hukusanya ushuru kutokana na kokoto na mazao ya misitu. Si haki kupokea fedha ya jiwe na kulikataa vumbi lake. Naiomba ofisi yangu, na nawaomba waheshimiwa madiwani wanisaidie kuibana, kwamba kila barua ya vumbi ijibiwe kwa tarehe ya siku ambayo ofisa atafika eneo husika. Nami naahidi kwamba jarida hili litachapisha, katika kila toleo, ni malalamiko mangapi ya vumbi yamepokelewa, mangapi yamekaguliwa na mangapi bado. Mkiona toleo limepita bila hesabu hiyo, njooni mniulize mimi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tumelidharau vumbi kwa sababu hutua polepole, halina kishindo, na anayeumia huumia ndani kwa ndani. Tusisubiri makaa ya mawe yafike gatini ndipo tujifunze kuandika. Kijiji kitakachokuwa kimezoea kuhesabu vumbi la kokoto leo, hakitababaishwa na vumbi lingine lolote kesho.

Jioni ya jana nilimpigia mama yangu simu, nikamweleza nitakachosema. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wale wanaoponda mawe sasa hivi pale mlimani wana maji ya kumwagia. Sikuwa na jibu. Nimemwahidi kwamba wiki ijayo nitakwenda kuangalia, na safari hii nitakwenda kweli. Yeyote kati yenu atakayependa kuongozana nami, aje na daftari.